CHUMA CHAKAVU UANI: AKIBA YA BABA, BALAA LA MTOTO

Na Afisa Tabibu wa safu hii, Machochwe, Serengeti

 

Ndugu msomaji, tunapozungumzia usafi wa nyumba ya Muislamu, mara nyingi tunataja choo, maji ya udhu, nguo na vyombo. Ni sawa kabisa, maana twahara ndiyo mlango wa ibada. Lakini ipo sehemu ya nyumba ambayo khutba haifiki na ufagio haufiki. Ni nyuma ya nyumba, ubavuni mwa zizi, pale lilipolundikwa chuma chakavu.

Huku kwetu Machochwe, na vivyo hivyo ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, ukiingia katika mji wa mzee yeyote aliyewahi kuwa na uwezo kidogo utalikuta lundo hilo. Kuna plau lililokatika, mabati ya paa la zamani, fremu ya baiskeli, rimu, springi za gari, betri mbili za sola zilizokufa, makopo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nyaya zilizosokotana, na katikati yake mashine ya kusaga iliyonyamaza miaka mingi. Majani yameota juu, kuku wametaga ndani, na watoto wamepafanya uwanja wa michezo. Ukimuuliza mwenye mji, jibu ni moja: "Hizo si takataka, hiyo ni mali. Itafaa siku moja."

Makala hii inasema hivi: lundo hilo liondoke. Liondolewe na watu wazima wa nyumba hiyo wenyewe, na liondoke kwa njia ambayo haitahamishia madhara yake kwa mtoto, kwa jirani wala kwa mfugo. Anayesema ni akiba, aihesabu na kuitunza kama akiba. Asiyeweza kuihesabu akubali kuwa ni taka.

SI KUTU, NI UDONGO WA ZIZI

Tuanze na pepopunda, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana na ndiyo inayoeleweka vibaya. Watu wengi wanaamini kuwa pepopunda inatoka kwenye kutu. Mtu akichomwa na msumari mpya anafuta damu na kuendelea na kazi, eti kwa kuwa haukuwa na kutu. Hilo si sahihi. Vijidudu vya pepopunda vinaishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, na mbegu zake zinaweza kukaa humo miaka mingi bila kuuawa na jua wala ukame. Kutu haivizai. Chuma cha zamani kinakuwa cha hatari kwa sababu kimelala juu ya udongo huo, na kwa sababu kikichoma kinaingia ndani sana na kuacha tundu dogo lisilopata hewa. Vijidudu hivi vinastawi mahali pasipo na hewa.

Sasa tazama miji yetu. Lundo la chuma liko wapi? Liko ubavuni mwa zizi, juu ya samadi ya miaka na miaka. Kama mtu angeambiwa atafute mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mabati yenye ncha, asingepata pengine.

Dalili za pepopunda kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya jeraha. Wakati mwingine jeraha lenyewe limeshafunga na limesahauliwa. Taya linakaza, mgonjwa anashindwa kumeza, shingo na mgongo vinakakamaa, mwili unashtuka kwa sauti ndogo tu au mwanga, na muda wote huo akili yake ni timamu. Wapo wanaosema amerogwa au ameingiliwa na jini, na siku mbili za thamani zinapotea. Ndugu zangu, kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini huyu asomewe akiwa njiani kuelekea hospitali.

Mwaka 2012 nchi yetu ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Alhamdulillah. Hayo ni matunda ya chanjo kwa wajawazito na uzazi salama. Watoto nao wanapata kinga ya pepopunda ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda na huhitaji kuongezwa. Mama anaongezewa anapokuwa mjamzito. Je, baba? Je, kijana wa miaka 20? Wengi wao hawajachomwa sindano hiyo tena tangu walipokuwa wanabebwa mgongoni. Na hao hao ndio wanaovuta mabati na kubeba vyuma begani. Kwa maneno mengine, anayegusa chuma zaidi ndiye mwenye kinga ndogo zaidi.

Kwa hiyo aliyechomwa au kukatwa aoshe jeraha mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo aulizwe habari za chanjo yake. Asipake samadi, asipake mafuta ya breki, asipake tumbaku wala majivu. Kupaka samadi kwenye jeraha ni kuvipelekea vijidudu chakula mlangoni.

WAPANGAJI WASIOLIPA KODI

Nyoka hafuati chuma. Anafuata panya, na panya anafuata nafaka na kuku. Lakini mabati yaliyolala chini yanampa nyoka kila anachokitaka: kivuli mchana, joto usiku, na chakula kinachopita mlangoni. Kifutu hakimbii ukimkaribia. Anatulia tu, rangi yake ikifanana na majani makavu, mpaka mkono au mguu umfikie. Mtoto anayefuata yai la kuku chini ya bati haoni kitu mpaka ameumwa.

Aliyeumwa na nyoka alazwe, atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, na asafirishwe haraka. Asichanjwe kwa wembe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukata damu, na asipotezewe muda kwa jiwe la nyoka. Mguu mwingine huharibika kwa kamba na wembe kuliko ulivyoharibiwa na nyoka.

Mpangaji wa pili ni mbu, na hapa nasi tuwe waadilifu katika elimu. Tumezoea kuambiwa kuwa makopo yote uani yanaleta malaria. Mbu wa malaria anapendelea zaidi maji yaliyotuama ardhini: madimbwi, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali. Anayependa makopo, rimu na matairi ni yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Chandarua cha usiku hakimtoshi huyu. Tena mayai yake hunata ukutani mwa kopo na huweza kusubiri mvua kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ni lazima kopo lisuguliwe, ligeuzwe au liondoke.

NG'OMBE NAYE ANAMEZA

Wasomaji wetu wafugaji wanisikilize hapa. Mbuzi huchagua jani kwa mdomo. Ng'ombe hukusanya majani kwa ulimi na kumeza bila kuchambua. Kipande cha waya au msumari kilichomo katika majani kinakwenda pamoja nayo, kinakaa katika tumbo la pili, na kwa kuwa tumbo hilo ni jirani na moyo, chuma kinaweza kulitoboa na kuufikia moyo. Ng'ombe anaacha kula, anapinda mgongo, anaguna akitembea, maziwa yanakauka. Watu wanasema ni ugonjwa wa kupe au ni jicho baya la jirani. Siku ya kuchinja ndipo msumari unapoonekana.

Pima mwenyewe: waya uliouhifadhi kwa miaka mitano una thamani gani mbele ya mtamba mmoja? Na mnyama ana haki yake kwetu pia. Tutaulizwa juu yake.

Waya una habari nyingine huku kwetu. Machochwe tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na waya wa chuma, pamoja na ule unaotolewa kwa kuchoma matairi, ndio unaotengenezwa mitego ya wanyama. Tangu mwaka 2017 kimekuwapo kikosi maalumu cha kutegua mitego ndani ya Serengeti, na kimetegua mitego kwa maelfu. Muislamu aliyetundika waya wa namna hiyo nyuma ya nyumba ajiulize unangoja nini. Ukiacha sheria ya nchi, mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ametajwa waziwazi katika Suratul Maida miongoni mwa nyama tulizoharamishiwa. Na moshi wa tairi linaloungua ni sumu kwa kifua cha anayechoma na cha jirani yake.

BETRI: SUMU ISIYO NA HARUFU

Zamani betri kubwa ilikuwa ya mwenye gari. Leo sola imefika kila kitongoji, na ni neema: mtoto anasoma usiku, simu inachajiwa nyumbani. Lakini betri nazo hufa, na zile za maji zina madini ya risasi ndani yake pamoja na tindikali. Tindikali unaiona, inachoma nguo na ngozi, kwa hiyo watu wanaiogopa. Risasi haichomi wala hainuki, kwa hiyo watu hawaiogopi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Vumbi la risasi huingia mwilini kwa mikono, kwa nguo na kwa pumzi. Kwa mtoto mdogo linashambulia ubongo unaokua. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anapungukiwa damu, anaumwa tumbo mara kwa mara, anakuwa mzito wa kuelewa darasani na madrasa, mwalimu anamwita mjinga na kumchapa. Kiwango kikiwa kikubwa anapata degedege na kufa. Na yale yaliyoharibika katika ubongo kwa kawaida hayarudi.

Haya si ya kufikirika. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, nchi ya Waislamu wenzetu, wakazi walikuwa wakichambua betri chakavu na kuchekecha mchanga wake kupata risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wazazi wao hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu maskini waliopata bei nzuri, na mchanga ule waliuingiza mpaka ndani ya nyumba walizolala.

Karibu na sisi, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa haki mwezi Desemba 2024. Fidia ni haki yao. Lakini ni mzazi gani angekubali kubadilishana akili ya mwanawe na fedha hizo?

Kwa hiyo: betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani. Isimwagwe tindikali yake, isifukiwe, isiyeyushwe jikoni ili kutengeneza vizito vya nyavu au kitu kingine chochote. Gamba lake lisigeuzwe kuwa chombo cha kunyweshea kuku. Iwekwe wima juu ya ubao, chini ya paa, mbali na chakula na watoto, na iuzwe nzima kwa anayezipeleka panapostahiki.

Hukumu hiyo hiyo ni ya makopo ya dawa ya kupe. Kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe halisafiki kiasi cha kuwekewa maziwa au maji ya kunywa, hata ukilisuuza mara saba. Litobolewe na liondoke.

MTOTO SI MCHUUZI WA SKREPA

Hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo. Mnunuzi wa skrepa anapita na baiskeli au pikipiki na mzani wake. Baba yuko shamba. Mtoto anajua kuwa kilo kadhaa zinaleta pipi, mandazi au daftari. Anaanza na lundo la nyumbani. Likipungua anakwenda barabarani, kwenye majumba yaliyobomolewa, kwenye mashimo. Baadaye sufuria ya mama nayo inatoweka, na kijiko, na bawaba ya mlango. Tunacheka, lakini mtoto huyo ameshafundishwa mambo matatu: kuchokoa asichokijua, kuuza kisicho chake, na kukosa madrasa.

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu cha kuuza lililipuka shuleni. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Watoto wale hawakuwa watundu. Walifanya kile ambacho watu wazima tumewazoesha: kwamba kila chuma ni fedha.

Nani aliyewazoesha? Ni sisi tunaomwambia mtoto "nenda kaokote vyuma upate hela ya kalamu." Ni mnunuzi anayepokea mzigo kutoka kwa mtoto wa miaka tisa bila kuuliza umetoka wapi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatukuambiwa kuwa mchunga ataulizwa juu ya ng'ombe peke yake.

Basi kila nyumba iweke sheria mbili. Kwanza, mtoto haokoti chuma, habebi chuma, hauzi chuma. Pili, mtoto akiona kitu cha chuma asichokijua, hakigusi wala hakirushii jiwe. Anasimama, anarudi alikotoka, anamwambia mtu mzima, na mtu mzima anamwambia mwenyekiti wa kijiji au polisi. Mtoto anayekuja kutoa habari asipigwe kwa kuchezea mbali na nyumbani. Akipigwa leo, kesho hatasema.

LUNDO LA MAREHEMU

Ipo sababu moja ambayo watu hawaisemi. Malundo mengi hayaondoki kwa sababu mwenyewe ameshafariki. Trekta bovu ni la marehemu, mashine ni ya marehemu, na hakuna anayethubutu kugusa. Kaka mkubwa anangoja kaka mdogo arudi kutoka mjini, mjane anaogopa kuambiwa anauza mali ya watu, na miaka kumi inapita. Kutu inakula mali, nyoka wanapata nyumba, na mjukuu anakatika mguu kwa chuma cha babu asiyemfahamu.

Ndugu zangu, dini yetu haikuacha jambo hili likining'inia. Madeni ya marehemu yanalipwa, wasia wake unatekelezwa usiozidi theluthi, kisha kila mrithi anapewa fungu lake. Chuma chakavu nacho ni mali, kinapimwa na kuhesabiwa kama kinavyohesabiwa ng'ombe. Anayekiuza kimyakimya na kutia mfukoni amekula haki ya mayatima, na sote tunajua onyo lililokuja juu ya hilo. Na anayekiacha kioze kwa sababu ya ubishi naye amepoteza mali na amewadhuru hao hao mayatima. Njia ni ya katikati: warithi wakae, shehe au mzee mwaminifu awepo, vitu viandikwe, viuzwe kwa uwazi, fedha igawiwe. Ni kazi ya siku moja. Tumeifanya iwe ya miaka.

Hali kadhalika vyuma vilivyoachwa kwa fundi na wateja. Hiyo ni amana. Fundi asiviuze kabla ya kuwatafuta wenyewe, na mteja asimfanyie fundi uwanja kuwa makaburi ya pikipiki yake.

UKIUZA, UZA HALALI

Tusifiche kwamba biashara hii ina uchafu wake. Januari 2022 jirani zetu Kenya walifikia hatua ya kusimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Hapa kwetu nasi tunaona alama za barabarani zinang'olewa, mabomba ya maji yanakatwa, nyaya zinaibwa. Bomba la kisima cha kijiji likiuzwa, kipindupindu kinanunuliwa. Anayeuza, anayenunua na anayejua akanyamaza, wote wana sehemu yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi zinamtaka mfanyabiashara wa chuma chakavu awe na kibali. Muulize mnunuzi kibali chake. Andika kilo, bei na jina lake katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku polisi wakija kuuliza, daftari ndilo shahidi wako.

NAMNA YA KULIONDOA

Watu wengi huumia siku ya kusafisha kuliko siku nyingine zote. Kwa hiyo fuata utaratibu huu.

Chagua siku ya kiangazi, mchana kweupe, na uwaite watu wazima wawili au watatu. Watoto wapelekwe kwa jirani, mbuzi na kuku waondolewe. Wahusika wapitie zahanati kabla ili wapate chanjo ya pepopunda. Vaa mabuti, suruali nzito na glovu za ngozi. Kandambili ni za kwendea kutawadha, si za kuingilia kwenye lundo.

Fyeka majani kuzunguka lundo kwanza. Gonga na kutikisa kwa mti mrefu, kisha subiri ili kilichomo kipate njia ya kutoka. Vuta kila kitu kwa reki au ndoana, usiingize mkono usipopaona. Bati linyanyuliwe kutoka upande wa mbali, ili likae kati yako na kilichomo chini yake. Usichome moto lundo kwa ajili ya kufukuza nyoka. Humo kuna betri, matairi, makopo na pengine mtungi.

Pipa lililowahi kuwa na petroli lisikatwe kwa gesi wala kwa msumeno wa umeme nyumbani. Watu husema ni tupu. Lakini mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe. Mtungi wa gesi, friji bovu na kitu chochote kilichozibwa kiachwe kwa fundi mwenye ujuzi.

Kisha gawa katika mafungu matatu. La kwanza ni la vitu vitakavyotumika. Sisemi kila chuma ni taka. Springi ya gari ni panga zuri mikononi mwa mhunzi, na plau linaweza kupata jembe jipya. Lakini weka sharti: kisichotumika mpaka kiangazi kijacho, kinaondoka. Fungu hili lisilale chini. Lijengewe uchaga chini ya kipaa, mbali na nyumba ya kulala na mbali na zizi. La pili ni la kuuza, na lipimwe na kuondoka wiki hiyo hiyo. La tatu ni la hatari, yaani betri, makopo ya sumu, kioo na vilivyozibwa. Hili lifungiwe peke yake, na aulizwe bwana afya wa kata namna ya kulimaliza. Lisitupwe korongoni, maana korongo linakwenda mtoni, na mtoni ndiko jirani anakochota.

Mwisho pitisha sumaku juu ya udongo uliobaki. Fundi redio yeyote anaweza kukupatia sumaku ya spika kuukuu. Funga kamba, buruta. Utashangaa misumari na vipande vya waya vitakavyoinuka. Mahali hapo pasifanywe bustani ya mchicha wala pa kuchezea watoto kama paliwahi kuvunjwa betri.

KWA WENYE NYUMBA

Nimalizie kwa wenye nyumba wenyewe. Mara nyingi mama ndiye anayelalamikia lundo, kwa kuwa yeye ndiye anayefagia pembeni yake, anayemfunga mtoto kidonda, anayeona nyoka akipita alfajiri anapokwenda kutawadha. Na mara nyingi anaambiwa anyamaze kwa kuwa ni vitu vya baba. Haifai. Lenye kudhuru nyumba ni la nyumba nzima, na mwenye kuliona kwanza asikilizwe kwanza.

Tumefundishwa kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani, ijapokuwa ni la chini kabisa. Ikiwa ni hivyo kwa njia wanayopita watu tusiowajua, je, njia anayopita mtoto wetu kutoka mlangoni hadi chooni? Na wanavyuoni wetu wa fiqhi wameweka kanuni kuwa madhara yanaondolewa, wala hayaondolewi kwa kuleta madhara mfano wake. Kwa hiyo kutupa betri yako kwa jirani si usafi, na kumtuma mtoto auze si ubunifu.

Kiangazi kikiingia, kila mwenye mji atenge Jumamosi moja. Maimamu watangaze baada ya Swala ya Ijumaa, vijana wa msikiti waanze kwa wajane na wazee wasio na nguvu, na kipimo kiwe hiki: mtoto mwenye miguu mitupu aweze kuzunguka nyumba nzima bila mama yake kushtuka.

Allah (S.W.) atupe afya, atulindie watoto wetu na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujitwaharisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.